Mundu wa Saruli

Trilok Bisht alimuua dada yangu mara kumi kwa siku, na msimu wa likizo mara kumi na tano, mbele ya macho yangu, nami nikimimina chai.

Dada yangu Saruli kwa kweli alikufa mara moja tu, miaka kumi na saba iliyopita, na aliyemuua ni nyasi mbichi. Lakini watu wa tambarare hawakodi gari lipande milima kutwa nzima ili waje kusikia habari za nyasi. Wanataka pointi. Hapa Banjdhura kila kitu ni pointi. Kuna Pointi ya Theluji penye darubini, na Pointi ya Mwangwi, ambako baba wa watu na kitambi chake anasimama kuliitia bonde jina la mkewe. Kuna makaburi ya Waingereza, ziwa lenye boti za umbo la bata, bustani ya chai, hekalu la Golu lenye kengele zisizo idadi, na mwisho, jua likianza kuinama, Jabali la Mpenzi. Pointi saba, gari moja, picha mia nne kwenye simu, halafu hotelini wakalalamikie maji ya moto.

Chini ya kibao cha Jabali la Mpenzi ndipo kilipo kibanda changu. Chai ya tangawizi, mayai ya kuchemsha, mahindi ya kuchoma yaliyopakwa ndimu na chumvi ya pilipili. Naitwa Khimuli. Madereva wote wananiita dada Khimuli, isipokuwa huyo mmoja aliyekuwa akiniita shemeji.

Mngemsikia alivyokuwa akianza, kundi baada ya kundi, maana hata madereva wengine walimwachia wageni wao. Anawapanga wageni kando ya uzio kama mwalimu wa chekechea, anavua kofia, anasubiri upepo.

"Msiegemee uzio, jamani, jabali hili lina wivu na warembo." Wanacheka. "Kulikuwa na binti hapa. Mzuri, basi tu! Akaozwa kwa askari. Askari akaenda mpakani, mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, barua hakuna. Sasa moyo ni nyama, si jiwe. Binti akampenda kijana mmoja, dereva."

Hapo ananyamaza. Kila kundi lina mama mmoja atakayeuliza, na Trilok anamjua tangu anaposhuka garini.

"Dereva gani, kaka?"

"Aa, mama, msiniulize. Mimi kazi yangu kuendesha gari." Anatoa leso. Anajipangusa jicho moja tu, la upande wa wageni. "Aliacha mtoto mchanga ndani, akaja hapa na sari yake nyekundu ya harusi, akaita jina la yule dereva mara tatu. Bonde likaitikia. Sasa, mnamwona yule mama wa chai? Huyo ni mdogo wake. Shemeji yangu. Nendeni mkanywe chai, mumpe pole."

Nao wanakuja. Wananipa pole kwa sauti ya chini, macho yao yananitafuna wakitaka nyongeza. Nami natia sukari.

Najua mnachotaka kuniuliza: kwa nini sikummwagia birika la moto tangu mwaka wa kwanza? Mwaka wa kwanza hadithi ilikuwa ya binti mfalme na ofisa wa Kiingereza, haina jina wala kabila, nikaona ni upuuzi wa kuchekesha wageni. Mwaka wa pili binti mfalme akawa binti wa hapa. Wa nne akapata mume askari. Wa sita, miaka kumi na mmoja iliyopita, akapata jina, Saruli, na mimi siku hiyo nikatoka na kijiti cha kuchochea moto. Trilok akaruka nyuma ya gari lake akicheka, "Shemeji, tulia! Mimi nakuletea wateja, wewe unaniletea kuni?" Na kweli kibanda kilijaa. Kwa kibanda hicho nilikuwa namsomesha Pushpa, mtoto wa marehemu, ambaye baba yake, askari kweli, alioa tena huko tambarare na kumwacha kwetu kama mtu anayesahau mwavuli. Nikarudisha kijiti motoni. Kosa langu ni hilo, nimelisema mwenyewe kabla hamjalitafuta.

Nyumbani Pushpa aliambiwa kwamba mama yake alifariki kwa homa. Hilo nalo lilikuwa uongo, wa kwangu mimi. Sikutaka mtoto asimame pale jabalini akitazama chini.

Ukweli ni huu. Ilikuwa mwezi wa kukata nyasi, mvua imetoka kwisha, na kila mwanamke wa milima hii anajua kwamba usipojaza chumba cha nyasi mwezi huo, nyati wako wa kukamwa atakula paa la nyumba ifikapo theluji. Nyati wetu alikuwa amezaa wiki ile. Saruli alisema nyasi nzuri zimebaki ukingoni tu, kule ambako wengine wanaogopa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tano, nikashika kamba ya mzigo. Alikuwa akiimba. Alinyoosha mundu kushika fungu la mwisho, mguu ukateleza, akasema "Ee, Khimu," kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Basi. Mundu ulinasa kwenye mzizi wa mwaloni. Wanaume waliteremka kwa kamba kumchukua dada, wakarudi na mundu pia. Sari yake haikuwa nyekundu. Ilikuwa ya kijani iliyopauka, na juu yake sweta la baba.

Na Trilok? Trilok miaka mitatu kabla alimtuma shangazi yake kuja kumposa Saruli, baba akakataa kwa sababu ana miaka ishirini tu na tayari ni mlevi. Hayo ndiyo mapenzi yao yote. Alimkosa akiwa hai, akaja kujiposea maiti.

Tuliishi hivyo hadi mwaka huu mwezi wa nne, Pushpa alipopata mchumba.

Kijana anaitwa Kailas, mwalimu wa shule, bonde la pili. Nazi na shali ya uchumba tumewapelekea, tarehe imetajwa. Wiki moja baadaye baba yake mkubwa, mzee Dungar Singh, askari mstaafu mwenye masharubu kama brashi ya viatu, akapanda na wanawake wawili wa kwao kuja kuuona mji. Hawakutuambia, walitaka kutuchungulia. Wakaenda stendi kukodi gari la pointi saba. Zamu ilikuwa ya nani? Mnajua ilikuwa ya nani.

Nilimwona yule mzee akisikiliza hadithi mpaka mwisho, mikono nyuma. Kisha akaja kibandani peke yake.

"Wewe ndiye mama mdogo wa Pushpa?"

Nilimtambua kwa sauti, tulikuwa tumezungumza kwenye simu. Nikaacha birika. "Ndiyo, mzee. Shikamoo. Kwa nini hamkusema mnakuja, tungepika..."

"Huyo dereva anasema kweli?"

"Anasema uongo, mzee. Naapa kwa Golu."

"Uongo." Akatazama vikombe vyangu, vilivyopangwa ishirini na nne, tayari kwa kundi lile. "Na wewe unauzia chai juu yake?"

Miaka yote hiyo nina ulimi wa kuchanja kuni, na siku niliyouhitaji ukalala.

"Na mtoto," akasema, hakuona haya, "ni wa askari au wa dereva?"

Nazi na shali vilirudishwa siku ya tatu, vimefungwa kwenye gazeti.

Pushpa hakulia mbele yangu. Alikaa kizingitini, shali magotini, akaniuliza, "Mama mdogo, mama yangu alijirusha?"

Nikamweleza yote. Nyati, nyasi, mguu. Nikachukua mundu kutoka juu ya mlango, ambako umetundikwa tangu yeye ananyonya, na yeye siku zote akidhani ni mundu kama mundu mwingine, nikamwekea mkononi.

"Mtu anayejirusha kwa mapenzi habebi mundu," nikasema.

Akaugeuzageuza. "Kwa hiyo ulijua anachomsema. Miaka yote."

"Nilikuwa nalipa ada yako."

"Ungenitoa shule," akasema.

Kofi lingeniuma zaidi ya hilo? Lingeniuma kidogo, basi. Usiku ule sikufikiri jambo jingine ila Trilok. Sikutaka afe. Kufa ni rahisi, dada yangu alikufa akiimba. Nilitaka mdomo ule ule uliomla Saruli umtapike, mbele za watu, na watu wawe wengi.

Waliosema mwenye kovu usidhani kapoa walikuwa wananijua.

Polisi ningewaambia nini? Kwamba mtu anasimulia hadithi? Huku kwetu, likishindikana kwa binadamu, lipo baraza la Golu. Yeye ni mungu wa haki, hana haja ya wakili. Unaandika shauri lako kwenye karatasi ya mahakama yenye stempu, unalitundika hekaluni kwake chini ya kengele, unamwacha afanye kazi. Akikupa haki yako unampelekea kengele. Ndiyo maana kengele zimejaa hadi kwenye matawi. Nyingine ndogo kama ndimu, nyingine kubwa kama sufuria la harusi.

Na Trilok, mwana wa hapa hapa, mjuzi wa yote hayo, alikuwa amelifanya hekalu nalo kuwa pointi. Kila siku saa tano alisimama na wageni wake chini ya boriti ya tatu kushoto, kwa sababu hapo mwanga ni mzuri kwa simu na karatasi zinafikika. Alichagua karatasi mpya kuliko zote, isiyoloana, akawasomea wageni wasiojua maandishi yetu, kisha akawatafsiria. Mwanafunzi anaomba kufaulu hesabu. Mke anamshitaki mama mkwe kwa kumficha samli. Wageni wanakufa kwa kicheko. Wazee wetu hawasomi karatasi ya mtu kwa sauti, kwa sababu moja wanayoijua hata watoto: shauri likianza kusomwa chini ya kengele lazima lifike mwisho. Ukilikata katikati, mashitaka yanakugeukia wewe, hata yawe ya nani. Trilok hakuwahi kulikata. Aliipenda mno sauti yake.

Nikaenda kwa mzee Joshi, mwandishi wa maombi, anayekaa na taipu yake nje ya mahakama. Miaka arobaini ameandikia watu ugomvi wa mashamba, hashtuki.

"Unamshitaki nani, binti yangu?"

"Trilok wa Bachi Singh. Dereva."

"Aah, yule redio." Akaingiza karatasi. "Kosa?"

Nikasema. Akawa anapiga taipu kwa vidole viwili, kisha akaacha kupiga.

"Sasa nisikilize. Shauri la Golu halina upande mmoja. Ukimpelekea lenye uongo, hata punje, linarudi kwako. Wewe uko safi?"

"Nimeuza chai juu ya uongo huo miaka kumi na mmoja."

"Nilitaka kuona kama utasema. Mke wangu alikunywa chai yako, akarudi analia habari ya sari nyekundu." Akanikazia macho juu ya miwani. "Tuliandike nalo?"

"Liandike. Andika nihukumiwe nami."

"Una moyo wa bibi yako. Naye alikuwa mgomvi."

"Na jina lake liweke mwisho kabisa, baba. Mstari wa mwisho."

"Kwa kawaida jina la mshitakiwa huja juu."

"Najua."

Alifikiri. Kisha mzee yule, ambaye sijawahi kumwona akicheka, akacheka mpaka akavua miwani. "Boriti ya tatu," akasema. "Hii sikutozi, binti yangu. Niambie tu siku, nije."

Nilichagua Jumapili ya msimu, mji umefurika. Alfajiri nikaitundika karatasi boriti ya tatu, nyeupe pee, nikaifunga uzi mwekundu ili imwite. Sikufungua kibanda. Saa tano nilikuwa nyuma ya kengele kubwa na Pushpa, shungi zimetuficha, na mzee Joshi kwenye kivuli akijifanya anasali. Magari yalikuwa mengi. Ganga Ram, mwenyekiti wa stendi, alikuwepo na wageni wake, na madereva wengine sita au saba.

Trilok akaingia na familia tatu za kusini. Akapiga kengele kama anayeingia kwake. Akasimama pale pale. Akaona uzi mwekundu.

"Hii mbichi," akasema, "ya leo leo. Tuone nani kaibiwa mbuzi!" Simu zikainuliwa. Akaanza kwa sauti yake ile ya redio, akitafsiri mstari kwa mstari.

"'Mbele ya baraza la Golu, hakimu asiyepokea rushwa. Mimi, mwanamke asiye na bahati...' Oo, hii tamu! '...naleta shauri la marehemu asiyeweza kusimama mwenyewe.'" Wageni wakasogea. "'Marehemu alikuwa mama wa mtoto mmoja, mke mwaminifu wa askari. Alikwenda kukata nyasi za nyati aliyezaa, akateleza, akafa, mundu...'"

Sauti ikapungua. Nilimwona anaisoma mbele kwa macho, midomo imefumba.

"Endelea, kaka!" akasema kijana mmoja mwenye simu. "Mundu nini?"

"Basi tu, maandishi mabaya haya. Tuchukue nyingine."

"Trilok." Huyo alikuwa kuhani Pant. Amekaa mlangoni pa hekalu lile tangu sijazaliwa na hapendi kuinuka, lakini siku hiyo aliinuka. "Malizia."

"Baba, wageni wana haraka, tuna pointi nne bado..."

"Umeanza chini ya kengele. Malizia, au kunja karatasi uibebe mwenyewe. Hiari yako."

Watu wanaopitisha magari kwenye kona zetu, upande mmoja ukuta na upande mwingine hewa, hawana mzaha na Golu. Ganga Ram akamwambia taratibu, "Soma, ndugu yangu. Usituletee balaa barabarani."

Akasoma. Sasa hapakuwa na redio, ilikuwa sauti ya mtu anayesomewa hukumu.

"'...mundu wake ukanasa mzizini. Huyo marehemu amesingiziwa kwa miaka kumi na mmoja, mara kumi kwa siku, kwamba alijirusha kwa ajili ya mwanamume. Amevuliwa sweta la baba yake, akavishwa sari nyekundu. Mtoto wake amepokonywa baba, na leo amepokonywa mchumba. Mimi mdogo wake niliuza chai na kunyamaza. Nihukumiwe nami.'" Akageuza karatasi. "'Mshitakiwa hajawahi kushikwa mkono na marehemu. Alimposa akakataliwa. Ni mtu asiyeweza kunyamaza, na kwa hiyo, ee Golu, amejisomea mashitaka yake kwa mdomo wake mwenyewe. Jina lake ni Trilok, mwana wa Bachi Singh.'"

Mgeni mmoja alipiga makofi, akidhani ni sehemu ya ziara. Mkewe akamshika mkono.

Nikatoka nyuma ya kengele, nikaondoa shungi. Nilitaka anione. Nilifurahi, sitawadanganya, furaha ilinipanda hadi kwenye meno. Trilok akaniangalia, akamwangalia Pushpa ambaye ana uso wa mama yake mtupu. Hakuniita shemeji.

Asubuhi yake aliamka hana sauti.

Daktari alisema ni baridi, na makelele ya miaka mingi, akampa dawa ya kusukutua. Huenda ni kweli. Mimi si daktari. Lakini Banjdhura nzima haikuhitaji daktari. Siku ya pili stendi, zamu yake ilipofika, wenzake walisogeza magari yao mbele kana kwamba gari lake ni mti. Siku ya tatu akaenda kwa Ganga Ram, akamfanyia ishara za mikono. Ganga Ram akamjibu kwa heshima kwamba hakuna aliyemfukuza, ila mtu mwenye shauri la Golu shingoni hapitishi abiria kwenye kona ya maporomoko, na hakuna dereva atakayekubali kupishana naye pale. "Nenda kwa mwenye shauri," akamwambia. "Ukirudi na ridhaa yake, gari lako lipo kwenye foleni."

Siku ya tisa sauti ikaanza kurudi, nyembamba, yenye mikwaruzo. Siku ya kumi alikuja kibandani na nazi, na mbuzi dume wa kumpeleka hekaluni. Alikuwa amekonda. Nilikuwa namenya mayai, niliendelea kumenya.

"Dada Khimuli."

"Karibu. Chai?"

"Dada, nimekosa. Ilikuwa maneno ya kazi tu. Wageni wanapenda..."

"Wageni wanapenda nini?"

Akaiweka nazi mezani. Mbuzi akala maganda ya mahindi yangu.

"Twende hekaluni," akasema, "uondoe karatasi. Nitampa Golu mbuzi, nitampa kengele. Kwa mzee Dungar Singh nitakwenda mwenyewe, nitamshika miguu."

"Kwa Dungar Singh utakwenda leo leo, kwa miguu yako, na utamwambia kila kitu. Hiyo si ya kuniomba msamaha, hiyo ni ya mtoto. Na mbuzi mpe Golu ukipenda, yeye na wewe mtajuana." Nikafuta mikono. "Karatasi ni yangu. Nitaiondoa siku nitakayoona inafaa. Kwa sasa Ganga Ram nitamwambia akurudishe kwenye foleni, kwa sharti moja."

Uso ukamfunguka, maskini. "Sema, dada."

"Utaendelea kuleta wageni hapa. Utawapanga kando ya uzio vile vile, na kofia utavua. Utawasimulia Saruli. Yule wa kweli."

Alidhani ni mara moja. Niliona alivyoshusha mabega, na nikamwacha adhani.

Kwa Dungar Singh alikwenda. Mzee akatuma watu na nazi mpya, na salamu ndefu za kuomba radhi. Pushpa aliwakaribisha, akawapikia, akawamiminia chai kwa mkono wake, kisha akawarudishia nazi yao bila gazeti. "Mwambieni baba mkubwa," akasema, "yeye aliuliza mimi ni wa nani. Mimi ni wa mkata nyasi." Kailas bado anaandika barua. Hilo ni lake Pushpa, siliingilii. Pale mlangoni, walipokwisha kuondoka, aliniuliza kama atakuwa anaweza kuja kukaa nami jabalini alasiri. Ilikuwa mara ya kwanza kuniambia neno refu tangu shali irudi.

Na mimi nilihukumiwa pia, kama nilivyoandika. Hadithi ya kweli haiuzi chai. Trilok husimama pale na kukwaruza kwamba palikuwa na mwanamke aliyevaa sweta la baba yake, akakata nyasi, mguu ukateleza. Wageni husubiri sehemu iliyobaki. Haipo. Wanatazama chini kidogo, mmoja anasema "masikini," wanarudi garini mapema wakiulizana mahali pa kula. Kati ya vikombe ishirini na nne siku hizi natia chai sita tu. Ada ya Pushpa sasa inatoka kwenye nyati, na mimi nimerudi kukata nyasi. Sijuti. Magoti ndiyo yanajuta.

Kibao walikibadilisha wenyewe madereva, kwa aibu au kwa woga. Kimeandikwa Jabali la Saruli.

Jana alikuja saa kumi na kundi la watu wanane. Kabla hajawashusha alikuja kwangu peke yake, kofia mkononi.

"Dada Khimuli. Miezi sita sasa."

"Nimeona theluji imeanguka, ndiyo."

"Wenzangu wanapewa bakshishi, mimi wageni wananiangalia kama nimewaharibia likizo. Mke wangu ananiambia nasema usingizini. Nasema 'sweta la kijani,' dada."

"Sari ya kijani. Sweta lilikuwa la baba, la kahawia. Unaona? Bado hujaijua."

"Dada, mpaka lini? Nakuomba kwa huruma yako. Mpaka lini?"

Nilimtazama. Niliitafuta hiyo huruma, kwa haki kabisa, kama mtu anayepapasa mfukoni kwa ajili ya ombaomba. Nikakuta kila siku ya miaka kumi na mmoja, jicho moja linapanguswa na leso, na mtoto kizingitini akiniuliza kama mama yake alijirusha.

Pushpa aliinuka kabla yangu. Alishusha mundu kutoka kwenye msumari wa kibanda, ambako tumeuhamishia, akampa Trilok kwa heshima, kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mgeni kikombe.

"Wageni wako wanakusubiri, mjomba," akamwambia. "Ushike juu, wauone. Anza na mundu."